Harufu ya Ndizi Mikononi

Juzi mfugaji nyuki alinikataza kusogelea mizinga yake kwa kuwa nilikuwa nimetoka kula ndizi. Alisema nyuki akiuma hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, na wenzake wakiinusa hupandwa na hasira. Mimi ndiye niliyepandwa na hasira.

Kijijini kwetu Uru, siku moja utotoni, nilishinda nikimenya ndizi mbivu za kupikia mbege, pombe ya Babu, hadi vidole vikanata. Kisha Babu akanituma kukata majani ya ng'ombe karibu na mizinga. Nilirudi nikilia, uso umevimba.

"Umewachokoza!" alifoka, akanichapa.

Nilikuwa nimedokoa ndizi moja, nikaamini nyuki wamenijua na kuniadhibu. Miaka yote hii nimejiona mwizi. Kumbe walinusa kazi aliyonipa Babu mwenyewe.