Mume wangu alizika ngamia, sasa kijiji kizima kinapigia dainosa magoti

Admin, nifichie jina, maana nusu ya watu wa Kalama wako kwenye hii page. Mimi ni mama wa miaka 43, niko na watoto watatu na mume ambaye siku hizi anaitwa Profesa. Shule aliachia darasa la saba. Wanasema akili ni nywele, na yeye ni kipara.

Nafanya kazi katika kichinjio kimoja huko Athi River, kutoa nyama kwenye mifupa kwa kisu, ng'ombe na ngamia. Mapema mwaka huu mume wangu aliniomba niwe nikimletea ile mifupa ya ngamia inayotupwa. Alisema ataichoma na kuisaga iwe mbolea ya mahindi. Nilifurahi kuona mtu wa kushinda kwenye drafti sasa anafikiria shamba, nikabeba gunia baada ya gunia, mjinga mimi.

Wakati huo akina mama wa mwethya yetu, kile kikundi cha kusaidiana kazi, tulikuwa tunachimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, pale chini ya shamba letu. Mtoni ni mwendo wa saa nzima, na ukifika bado unafukua mchanga ndiyo upate maji. Kila Alhamisi tulichimba kwa jembe na karai, ili mvua ya Novemba isitupite tena. Alhamisi moja jembe likagonga kitu. Tukafukua, tukaona kichwa kirefu chenye meno, halafu shingo isiyoisha. Wengine walipiga nduru, wengine wakakimbia. Mume wangu akashuka polepole, akavua kofia kama yuko matangani.

"Msiguse!" akasema. "Hii ni dainosa. Hii kitu ilikuwa inakula ndovu vile nyinyi mnakula muthokoi."

Nilichuchumaa nikaangalia. Ilikuwa shingo ya ngamia watano, imeunganishwa kwa saruji na kupakwa majani ya chai ionekane kuukuu. Alizika Jumapili sisi tukiwa kanisani. Alama ya msumeno wa umeme, ambayo mimi huiona kila siku ya kazi, ilikuwa pale pale. Mnyama wa miaka milioni amekatwa kwa msumeno! Na hakuna aliyeona. Huku kwetu hata mtoto anajua mfupa wa mbuzi kwa kuushika tu, lakini ngamia hatuli, basi kila mtu akameza alichopewa.

Watu wakaanza kumiminika. Vijana wa Mavoko wanalala kando ya shimo wakipiga selfi. "Buda, hii msee ilikuwa inakimbia aje?" mmoja akauliza. "Kushinda bodaboda," Profesa akajibu bila haya. Mwalimu mwenye digrii alileta darasa zima, watoto wakaandika uongo kwenye madaftari. Mchungaji akahubiri kwamba huyu ndiye aliyekataa kuingia safina. Mama mmoja alichota udongo akajipaka mgongoni, na anaapa amepona. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini sikujua kwamba likivuma, madebe mengine huja kulisikiliza.

Ningecheka nikaenda zangu kama si silanga. Profesa amelizungushia shimo miiba, hakuna jembe kuingia. Nilimkabili jikoni.

"Baba watoto, toa hiyo takataka. Mvua iko karibu."

"Kwani unataka nirudi kuitwa nani?" akaniuliza. "Miaka yote hapa hakuna mtu alikuwa ananisalimia kwanza."

Nikamwambia nitasema. Akacheka. "Sema. Lakini uwaambie pia ni nani alibeba. Watu walikuona wewe na magunia, si mimi."

Ni kweli waliniona nayo, na hilo ndilo linanizuia kusema. Halafu kuna mama mkwe, ambaye alibeba karai pamoja nasi na magoti yake mabovu. Juzi nilimkuta akitoka mtoni na mtungi mgongoni, anahema. "Mwana wakwa," akaniambia, "Mungu ametukumbuka kupitia kijana wangu." Sijawahi kumwona akijivunia huyo kijana wake hata siku moja kabla ya hii.

Alhamisi iliyopita mwethya ilikaa kikao. Mwenyekiti akasema, "Hatuwezi sumbua mnyama ya Mungu. Tuchimbe ingine kule juu kwa mawe." Wote wakakubali, wanawake ambao viganja vyao vilitoka damu kwa ile ya kwanza. Mvua imebaki wiki chache, na wao wako tayari kuanza upya juu ya mwamba kwa sababu ya mifupa niliyobeba mimi. Nilikuwa nimekaa katikati yao na sikufungua mdomo. Nimemdharau mume wangu, nimemdharau mwalimu na mchungaji na kila mwenye simu, lakini siku hiyo nilijidharau kuwashinda wote. Wao hawajui. Mimi najua.

Nikisema, ndoa imeisha, na nitaitwa mshirika wake mpaka nife. Nikinyamaza, mama mkwe ataponda mawe nikimtazama. Keshokutwa ni Alhamisi, na nimeambiwa nisisahau sululu. Ndugu zangu, nitukaneni mkimaliza kunijibu: niende na mdomo, au niende na sululu?