Kichwa cha Tatu

Leo nimekoroga wanga wa muhogo, na harufu yake imenirudisha mtaani Magoudjou, uani kwa bibi. Wakati ule mdogo wangu alikuwa anahamia Mutsamudu, kisiwa kingine, siku ya Ijumaa, nami nilimwahidi mwanasesere. Mwili wa matambara ulikuwa tayari, kilikosekana kichwa. Nilitwanga magazeti yaliyoloweshwa, nikayachanganya na wanga, nikayakandamiza ndani ya kifuu cha nazi yapate umbo la kichwa. Vichwa viwili nilivianika juani, vikapasuka.

“Dada, unavichoma kama samaki!” mdogo wangu alicheka.

Cha tatu nilikipepea kivulini siku mbili, sikuacha hata gari la mamluki wa kigeni waliotisha mji siku zile lilipopita na wengine pale uani wakakimbilia ndani.

Bibi alikigonga kwa ukucha, akaona kimekauka, akakipaka liwa ya msandali mashavuni, kama wanawake wetu wanavyojipaka.

“Huyu sasa ana kwao,” akasema.

Mdogo wangu hakucheka tena. Aliomba sindano akishone kichwa shingoni mwenyewe.