Karatasi Sita kwenye Msumari Mmoja

Saa moja kasoro robo asubuhi. Dirisha la chumba cha chanjo bado limefungwa, lakini akina mama wanane wameshakaa kwenye benchi la nje, watoto mapajani. Ndani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anafungua mlango wa friji ya chanjo, anachungulia kipimajoto, kisha anaufunga polepole kana kwamba humo kuna mtoto aliyelala.

"Nyuzi nne," anasema, huku akiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa friji. "Wamelala salama."

Ana miaka hamsini na nane, na thelathini na moja kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki cha hatua sita kwa nne. Mtaa mzima unamwita Mama Kadi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya namna anavyofanya kazi. Ukimpa kadi ya kliniki, husoma kwanza tarehe ya kuzaliwa, halafu hugeuka kutazama nyuma ya mlango.

Nyuma ya mlango kuna msumari, na kwenye msumari zimening'inia karatasi sita, moja juu ya nyingine. Kila moja ni ratiba ya chanjo iliyowahi kutumika hapa. Ya chini kabisa imekuwa rangi ya chai na ina magonjwa sita tu. Ya juu ina kumi na mawili.

"Watu wanadhani mambo ya chanjo yaliandikwa mara moja, yakaisha," anasema. "Yanabadilika. Chanjo mpya inapatikana, inaingizwa. Wataalamu wanaona dozi moja haitoshi, wanaongeza ya pili. Hiyo ni neema. Tatizo ni sisi tunaosoma kadi ya zamani kwa karatasi ya leo."

Asubuhi hii tatizo hilo limekuja kwa miguu yake. Ni msichana wa miaka kumi na tisa, ameongozana na shangazi yake. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi na masomo yanaanza Jumatatu. Lakini chuo kimemrudishia kadi yake ya utotoni: dozi ya pili ya surua haionekani, na chanjo ya homa ya ini, dozi tatu, haipo kabisa. Asipopeleka uthibitisho kabla ya Ijumaa, nafasi yake anapewa mwingine. Leo ni Jumatano.

Shangazi ndiye anayefoka.

"Nimemlea mimi huyu! Karani wa chuo kaniangalia kama vile nilimwokota jana. Eti sikumpeleka kliniki. Nilimbeba mgongoni, mvua inanyesha!"

"Hata mvua yenyewe iko hapa," anasema Mama Kadi, akigusa doa la maji kwenye kadi. "Kaa kwanza, dada. Kiti hicho."

Anasoma tarehe. Anainua karatasi tatu za juu na kuifikia ya nne.

"Alipozaliwa huyu, surua ilikuwa dozi moja. Miezi tisa, basi. Hebu tazama kadi yake. Unaona kisanduku cha dozi ya pili?"

Shangazi anainama. "Hakuna."

"Sasa ungeenda kuandikiwa wapi, kwenye paji la uso?"

Shangazi anacheka, ingawa macho yamelowa. Mama Kadi anamalizia kwa sauti ya chini: "Wewe hukukosa. Sisi ndio tulikuwa hatujaanza."

Dozi ya pili ya surua inachomwa papo hapo. Msichana anageuza uso.

"We unayetaka kuchoma wenzako, unaogopa sindano?" anamtania Mama Kadi.

"Naogopa ya kwangu tu, Mama. Za wengine siziogopi."

Kwa surua, amekamilisha. Homa ya ini nayo haimo kwenye karatasi ya nne, na ndiyo ngumu: dozi ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi sita. Mama Kadi anamchoma ya kwanza, kisha anapiga simu chuoni na kuweka sauti ya nje.

"Mama, fomu inasema dozi zote tatu," anajibu karani.

"Fomu hiyo mliitoa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na dozi tatu zinachukua muda gani?"

"Miezi... sita."

"Basi hata angekuja hapa mbio siku ileile, asingemaliza. Mwanangu, sikatai masharti. Ni mazuri, wanaenda kugusa damu za watu. Naomba tu myape nafasi ya kutimizika."

Karani anavuta pumzi. "Ngoja nimuulize mkuu wa chuo. Nitakupigia."

Shangazi na msichana wanarudi kwenye benchi la nje kusubiri. Foleni inasogea: kumi, ishirini, thelathini na mbili. Katikati ya watoto, Mama Kadi anaeleza kwa nini alipigilia msumari ule.

Miaka kumi na miwili iliyopita, dozi ya pili ya surua ilikuwa imeanza wiki chache tu. Alikuja mama na binti wa karibu miaka mitatu, kadi yake haina dozi hiyo. Mama Kadi alikuwa amechoka, na karatasi mpya ilikuwa mbele yake ukutani. Alimfokea yule mama mbele ya foleni nzima: mtoto mkubwa hivi, ulikuwa wapi?

"Hata kiti sikumpa. Akachukua kadi yake, akaondoka. Hakurudi tena."

Miaka miwili baadaye surua ililipuka mtaani. Yule binti alipona, lakini jicho moja halioni mpaka leo. Mama Kadi aliuliza nyumba kwa nyumba hadi akaipata yao, akaenda kuomba radhi.

"Aliniletea maji ya kunywa," anasema, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Siku hiyohiyo alienda stoo, akazitoa ratiba zote za zamani kwenye boksi la takataka, akaomba nyundo.

Saa sita kasoro dakika tano, simu inalia. Msichana anasimama mlangoni, ameshika mkono wa shangazi yake.

"Mkuu amekubali," anasema karani. "Aanze darasani Jumatatu. Ila wodini haingii mpaka amalize ya tatu."

"Hapo sawa. Hata mimi nisingemruhusu."

"Na Mama... wako wengine kumi na mmoja tumewarudishia kadi. Niwalete kwako?"

"Walete. Waje mapema, kabla benchi halijajaa."

Nje, shangazi anapiga kigelegele kimoja kikali, mtoto mmoja anaamka na kulia, na benchi zima linacheka bila kujua kwa nini.

Mama Kadi anastaafu baada ya miezi kumi na minne. Muuguzi kijana atakayemrithi ameletewa kishikwambi, na kwa kuwa kinajua ratiba ya leo tu, kila kadi ya zamani akiiingiza huonyesha alama nyekundu ya kosa. Ndiyo maana, kila jioni, Mama Kadi ananakili ratiba zake kwenye daftari la mazoezi, pamoja na mwaka zilipoanza na zilipokoma. Amemaliza nne. Akifikisha zote, anataka kutoa nakala kwa kliniki tisa za jirani, na kumwomba mganga mkuu azipeleke kwa wanaotengeneza programu ya kishikwambi.

Wiki iliyopita ratiba ya saba ilifika, na ya sita imefikia mwisho wake. Foleni ikiisha, anaivuta ile ya juu na kuandika tarehe chini yake kwa kalamu nyekundu. Kisha anaongeza maneno yaleyale aliyoandika kwenye nyingine zote:

"Aliyezaliwa kabla ya hapa hana kosa. Mpe kiti, halafu mpe dozi."