Mto Aliouchambua Mwenyewe

Fundi mito alikuwa na mikono ya dhahabu na bahati ya bati. Pamba yake ilikuwa laini hata nzi akitua juu yake anasinzia. Lakini tangu shemeji yake, kaka wa mkewe, afungue duka la mito ya sponji ng'ambo ya barabara, wateja walimpita fundi kana kwamba ana upele. Na shemeji hakuacha kumchokoza: "Shemeji, funga hicho kibanda! Njoo kwangu nikuajiri, ukae mlangoni ukaribishe watu."

Siku moja akaingia Bi Mdomo, ambaye akipiga chafya yeye, mtaa mzima unafuta pua.

"Fundi, mto gani huu, jiwe! Nimeamka uso unatazama mgongo."

"Kaa, mama, niujaze upya."

Akakaa. Lakini Bi Mdomo mdomo ukienda, mikono nayo haitulii. Akajivutia pamba, akawa anaichambua huku akiwachambua na majirani zake. Pamba ileile, foronya ileile. Usiku ule alikoroma mpaka mabati yakapanda na kushuka, jogoo akaahirisha kuwika. Kulipokucha akatangaza: "Mto nimeutengeneza mimi! Fundi kanishikia sindano tu."

Basi watu wakamiminika, kila mmoja anachambua wake, na kila mto ukasifiwa kuliko usingizi wenyewe.

Fundi akanogewa. Akajinyoosha kwenye benchi, akabandika kibao mlangoni: KILA MTEJA LAZIMA ACHAMBUE.

"Lazima?" Bi Mdomo akafoka. "Lini nimekuwa kibarua wako?"

Wakachambua wamenuna, na mito ikawa mawe tena. Wakavuka barabara mmoja mmoja. Shemeji akapaza sauti: "Shemeji! Kiti chako cha mlangoni nimeshakipangusa!"

Mkewe fundi akang'oa kibao, akakitia jikoni kiwe kuni. "Mume wangu, hiari yashinda utumwa. Au na mimi ulinioa kwa kibao?"

Fundi akajikunja. Akatoa pamba barazani, akaanza kuichambua peke yake, polepole, bila kumwita mtu. Bi Mdomo akapita. Akapita tena. Mara ya tatu akashindwa.

"Unachambua pamba au unanyonyoa kuku? Hebu sogea!"

"Hapana mama, wewe mgeni, pumzika tu."

"Nimekuomba ruhusa?"

Akavuta kigoda. Nyuma yake akaja mama wa nyumba ya pili, kisha mumewe, kisha kinyozi na mkasi wake mkononi. Jioni baraza ilijaa, vicheko vikavuka barabara hadi kwenye duka la sponji, ambako shemeji alikaa peke yake kwenye kile kiti cha mlangoni.

Fundi akaona kifundo kidogo kwenye pamba ya Bi Mdomo, akanyoosha mkono akitoe. Akachapwa kofi vidoleni.

"Toa mkono wako! Utaniharibia mto wangu."

Fundi akaingia ndani kushona foronya, anapuliza vidole, anacheka hadi uzi unamponyoka.