Usukani wa Waya

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Miaka ile tulipokuwa Buzebazeba, mjini Kigoma, mtu akibisha hodi kwa sauti nisiyoijua, nilikuwa najifungia chumbani mpaka aondoke. Nilikuwa nimetoroka kambi ya wakimbizi. Kila aliyeniuliza nilimwambia natoka Kasulu, kwa Waha, na wa kwanza kudanganywa alikuwa mume wangu. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, Kiha hakijui, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu Muha angenishtukia kwa maneno mawili tu kwamba mimi ni Mrundi. Waha wa mtaani niliwakwepa. Walisema nina maringo. Wacha waseme.

Ningejulikana, ningepakiwa kwenye lori nirudishwe kambini, na binti yetu alikuwa bado ananyonya. Angebaki na nani? Nililala na swali hilo na kuamka nalo. Na mume wangu mwenyewe nilimwogopa. Alikuwa mtu mwema, lakini ukiishi na mtu kwa uongo, kila akikuita unashtuka.

Alikuwa fundi wa karakana ya reli, na alikuwa na wazimu wake. Chumba cha mbele, ambamo watu wenye akili zao wanaweka makochi, yeye aliweka meza ya mbao, na juu yake akajenga stesheni ya Kigoma ya zamani: reli za waya, mabehewa ya bati, injini ndogo inayokwenda kwa betri za redio. Wageni tuliwakalisha uani. Nilimsema mpaka nikachoka. Siku moja akaniambia, "Mama, stesheni imepoa. Enzi zile nje palijaa malori ya mizigo. Hayo mimi siyawezi."

Hayo mimi nayaweza. Baba yangu alikuwa akipaka rangi malori Bujumbura, nimekulia katikati ya makopo na brashi. Ila Bujumbura sikuitaja. Nikasema, lete bati.

Nilitengeneza sita, kila moja halizidi kiganja, malori ya zamani yale ya pua ndefu, yasiyo na milango. Bati la makopo ya maziwa, matairi ya kandambili zilizokatika, rangi ya kijani niliyoiomba kwa mafundi mitumbwi wa Kibirizi. Kutu niliiweka kwa vumbi la tofali, nalinyunyiza rangi ikiwa bado mbichi. Fahari yangu ilikuwa usukani. Nachukua waya mwembamba wa shaba, nauzungusha kwenye msumari, nakata, napata kipete, nakigandisha mahali pake. Mume wangu alipoletewa la kwanza alilishika muda mrefu, akachungulia ndani, akasema, "Una mikono wewe." Basi. Nilifurahi siku nzima.

Kisha misako ya wakimbizi ikaanza. Ilianzia Kasingirima, ikaja upande wetu. Jirani yangu muuza maandazi, aliyeishi pale miaka mingi kuliko mimi, alipandishwa lorini mikono ikiwa na unga.

Kwetu walifika saa nne asubuhi, siku ambayo mume wangu hakwenda kazini, mtendaji wa kata na afande mmoja wa uhamiaji, kijana mpole. Upole wake ndio ulionitisha.

"Shikamoo, mzee," alimwambia mume wangu, kisha akanigeukia. "Mama, wewe mwenyeji wa wapi?"

"Kasulu."

Angeondoka. Haki ya Mungu, angeondoka, ila aliiona meza. Loo! Akavua kofia, akachuchumaa, anacheka peke yake. Akaokota lori moja, akalipuliza vumbi. "Hili nani katengeneza?"

"Mke wangu," mume wangu akasema kwa majivuno. Nilitamani nimzibe mdomo.

Afande akalisogeza karibu na jicho. "Mbona usukani uko kushoto?"

Ndipo na mimi nikaona. Malori sita, miezi mitatu ya kazi, na yote nimeyawekea usukani kushoto, kama malori ya baba yangu, kama magari ya kwetu Burundi. Wala sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe pale ulipozoea. Nikambana mtoto kifuani mpaka akalia. Nje, lori lao lilikuwa linanguruma.

"Hilo la Mbelgiji," mume wangu akasema, hata mate hakumeza. "Zamani Mbelgiji alikuwa na gati yake hapa bandarini, afande. Magari yake yalivuka ziwa kutoka Kongo, usukani kushoto. Nilimwelekeza mimi aliweke hivyo. Wewe mtoto wa juzi utayajulia wapi?"

Afande akacheka. Akalirudisha lori mezani, akanyoosha mkono kuchukua la pili. Yesu wangu.

"Afande, nyumba bado nyingi," mtendaji akaita akiwa mlangoni.

Wakaenda.

Nilikaa chini sakafuni. Mume wangu alisimama dirishani mpaka mngurumo wa lori ukapotea. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Mtu huyu hakuwahi kunielekeza pa kuweka usukani, hata siku moja.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Gari la kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeondoka." Aligeuka, akanitazama. "Kila nikirudi kazini nilikuwa nachungulia kwanza kama nguo za mtoto zipo kwenye kamba."

Nililia, sifichi. Yeye akaleta koleo, akavuta viti viwili, tukaketi mezani, mtoto mapajani mwangu. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumehamisha usukani wa malori matano. La sita tuliliacha lilivyo, maana afande alishaliona.