Msomaji wa Matangazo

Mimi ni mtu wa Kianjai, na sipendi kushindwa hadharani. Nilipohamishiwa shule moja ya Kibugu kufundisha Kiswahili, huko juu ambako majani chai yanafika hadi ukingo wa msitu, walimu wenzangu walicheka lafudhi yangu ya Kimeru wiki nzima. Niliwaacha wacheke. Niliwaambia tutaonana kwenye ufahamu.

Kwa muhula mmoja nilidhani nimewashinda. Gredi ya Saba yangu ilisoma vifungu vya maarifa, vile vya udongo, nyuki na misitu, ambavyo watoto wengi huvikimbia kwa sababu havina sungura wala fisi. Walivisoma kwa sauti moja iliyofika hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Aliyewaongoza alikuwa msichana mmoja mwembamba, binti wa mzee wa kanisa. Alisoma bila kukwama, akipumua kwenye nukta, akiinua macho kwa wasikilizaji kama mhubiri aliyeizoea kazi. Nilimpeleka kwa mwalimu mkuu akasome. Nilimpeleka hata Gredi ya Tisa akawaaibishe wakubwa. Nilijivunia mtoto yule kupita kiasi, nasema wazi.

Siku moja alisimama kusoma kifungu cha mmomonyoko wa udongo. Watoto watatu walitumia kitabu kimoja, na mwenzake wa katikati, akitafuta picha fulani, akafunua kurasa kadhaa mbele. Msichana wangu aliendelea tu. Kitabuni kulikuwa na picha kubwa ya mzinga wa nyuki, na yeye bado alikuwa anateremka mlimani na udongo wake. Alimaliza hadi neno la mwisho, akakaa, darasa likapiga makofi.

Nikamuuliza mmomonyoko ni nini. Akanijibu kwa sentensi nzima ya kitabu, ile yenye neno hilo. Nikamwambia anieleze kwa maneno yake mwenyewe. Akanipa sentensi inayofuata.

Wakati wa chakula cha mchana nilimwita kando ya tangi la maji. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, maana hasira zangu ziko karibu sana, lakini alianza kulia kabla sijafungua mdomo.

"Herufi nazijua, Mwalimu," akasema. "Lakini nikisoma neno moja moja, nikifika mwisho nimesahau mwanzo. So dada yangu ananisomea mara mbili tukitoka shule, mimi nashika."

Alikuwa akishika hivyo tangu Shule ya Jumapili. Huku kwetu mtoto mwenye mistari mingi kichwani husimamishwa mbele ya kanisa, akapewa biskuti, na hakuna anayemuuliza mstari unasema nini. Mimi mwenyewe nilikula biskuti hizo Kianjai. Kisha nikakumbuka ni nani aliyewafundisha Gredi ya Saba kusoma kwa pamoja, kwa sauti, mara tano kila kifungu. Aibu iliyonishika pale tangini sijaisahau.

Ndipo akaniambia kilichomtia hofu hasa. Jumapili ya Watoto ilikuwa inakuja baada ya wiki sita, na kanisa lilikuwa limemchagua asome matangazo. Somo la Biblia angelikariri. Lakini matangazo katibu huyaandika asubuhi hiyohiyo, na karatasi humfikia msomaji watu wakiwa wanaimba. Baba yake angekuwa ameketi mbele pamoja na wazee wengine.

"Nitasema niko mgonjwa," akasema.

"Hutakuwa mgonjwa," nikamwambia. Nilisema kwa ukali, ingawa mimi pia niliogopa.

Kesho yake nilipiga marufuku kusoma kwa pamoja. Nikawaambia watoto walete kutoka nyumbani chochote chenye maandishi ya kumwelekeza mtu. Wakaleta gunia la mbolea, pakiti za mbegu za sukumawiki, karatasi ya maelezo ya dawa ya kupe, hata tangazo kuukuu la kituo cha kununulia majani chai. Mwalimu wa hesabu alipita mlangoni akauliza kama mama wa Meru amefungua agrovet, duka la mbolea na dawa za mifugo.

Kila karatasi tuliiuliza mambo yaleyale: nani anaambiwa, afanye nini, lini, na asipofanya itakuwaje. Aliyeshindwa kujibu alirudi juu akaanza upya. Kwenye neno geni tulisimama. Tulitazama maneno yaliyolitangulia na yanayolifuata, tukakisia, kisha mtoto mmoja akaenda nalo nyumbani atafute kitu au mahali linapofaa. Mmomonyoko nilimpa msichana wangu, kwa makusudi.

Alirudi asubuhi akiwa na matope hadi magotini.

"Mwalimu, njia yetu ya kuenda mtoni mvua imekula. Ndizi mbili zimeanguka na udongo yote imeenda chini. Hiyo ndio mmomonyoko."

Nilimwambia ni sawa, akae chini. Moyoni nilikuwa nacheza.

Lakini wiki ya tatu ilikuwa mbaya. Ile sauti ya mhubiri ilipotea kabisa. Alisoma kwa kukwamakwama, kidole kikiwa chini ya kila neno, na wenzake wakaanza kumcheka. Mwalimu mkuu akaniuliza nimemfanya nini msomaji wetu. Nikamjibu kwamba nimembomoa ili nimjenge. Hakucheka. Msichana mwenyewe aliniomba nimruhusu akariri kidogo tu, apumzike. Nilikataa, na siku mbili hakunisalimia.

Wiki ya tano kidole kilianza kusonga mbele chenyewe. Nilikuwa nikimpa karatasi asiyowahi kuiona, anasoma, naichukua, namuuliza. Siku ya kwanza aliyojibu maswali yote manne alitabasamu akitazama dirishani, asinipe furaha ya kumwona.

Mimi husali kanisa lingine, lakini Jumapili ya Watoto nilihama. Nilikaa nyuma. Baba yake alikuwa mbele, ameketi wima. Wimbo ukaisha, katibu akampa karatasi, naye akapanda.

Alisoma polepole. Ibada ya maombi ya katikati ya wiki, Jumatano tarehe kumi na mbili. Kina mama wa ushirika walete kuni. Kisha akafika kwenye chanjo ya ng'ombe, itakayotolewa "kama tahadhari dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo". Kwenye "tahadhari" alisita. Niliona macho yake yakirudi nyuma, yakienda mbele, kisha akaendelea. Chanjo, akasoma, ni Alhamisi tarehe kumi na mbili.

Akaacha kusoma, macho yakarudi juu ya karatasi. Baba yake akainamisha kichwa. Mimi nilishika benchi la mbele yangu, nikajua tumekwisha.

"Samahani, Katibu," akasema. "Hapa juu Jumatano ni tarehe kumi na mbili. Na hapa chini Alhamisi pia ni tarehe kumi na mbili. Watu walete ng'ombe siku gani?"

Katibu akasimama, akavaa miwani, akamwendea, akaitazama karatasi yake mwenyewe.

"Ni Alhamisi, tarehe kumi na tatu," akasema. "Huyu msichana ako sawa. Ni mimi nimekosea."

Kanisa likaangua kicheko, kisha makofi. Baba yake alikuwa ameinua kichwa, anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Mimi nililia wazi, katika kanisa lisilo langu, na mama aliyekaa karibu nami akanipa leso.

Jumatatu, kwa uchokozi wangu, nilimsimamisha darasani nikamwambia aturudishie yale matangazo neno kwa neno, kama zamani. Alifikiri kidogo, akaanza kucheka.

"Maneno nimesahau, Mwalimu," akasema. "Lakini ng'ombe tunapeleka Alhamisi."