Shati la Sefania Laanikwa Mbele

Mzee Sefania wa kijiji cha Mgwashi alikuwa mtu wa maneno machache na haya nyingi. Tangu mkewe Klara afariki, alijifunza kusonga ugali, akajifunza kuchemsha maharage bila kuyaunguza, ila kufua kulimshinda. Si kwamba mikono haikuwa na nguvu ya kusugua. Kilichomshinda ni macho ya watu. Mwanamume mwenye beseni la nguo hutazamwa kama mbuzi aliyeingia kanisani, basi yeye akawa anafua mlango umefungwa na kuanika nyuma ya nyumba, chini ya migomba, ambako jua halifiki.

Sasa Jumapili ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Klara ilikuwa inakaribia. Mchungaji angekuwepo, kwaya ingekuwepo, na ndugu wa Klara wangekuja kutoka Mlalo. Sefania alitaka kuvaa shati jeupe alilonunuliwa na marehemu, lile alilokuwa akipigiwa pasi kila Jumapili ya Chakula cha Bwana. Alipolitoa sandukuni alinyong'onyea. Kola njano, kwapa njano, utadhani limemwagikiwa mchuzi wa binzari.

Akaenda dukani kimya kimya, akanunua dawa ya kung'arisha nguo, akaimimina bila kuipima, maana aliamini dawa kali ndiyo dawa. Doa likazidi njano. Akamimina tena. Haraka haraka haina baraka: kwapa likawa rangi ya chai ya rangi. Mzee akakaa kwenye kigoda akalia, na hakuwa analilia shati.

Jirani yake Mama Eliaichi, aliyekuwa rafiki wa Klara, alikuwa anakata majani ya ng'ombe ng'ambo ya ua. Akasikia.

"Hodi, shemeji. Kuna nini?"

Sefania akamwonyesha. Mama Eliaichi akalinusa shati, akatikisa kichwa.

"Hili ni jasho, shemeji. Jasho na dawa hiyo haviivi chungu kimoja. Lisuuze mpaka harufu iishe kabisa. Kisha ulifue kwa sabuni ya mche, usugue limau na chumvi hapo penye doa, ulitandaze juani kwenye nyasi likiwa bichi. Likitaka kukauka, linyunyizie maji."

"Nitalitandaza huku nyuma."

"Huku nyuma jua utalitoa wapi? Doa linaogopa jua, wewe unaogopa watu. Chagua."

Nyasi zilikuwa mbele ya nyumba, kando ya njia ya sokoni, na kesho yake ilikuwa siku ya soko. Asubuhi hiyo ukungu ulipoondoka, Sefania alilitandaza shati alilokwisha kulifua na kulisugua limau, akakaa kando na kopo la maji, uso ukimwaka.

"Onga mshi, mzee!" wakamsalimu kwa Kishambaa wanawake waliopita na mizigo ya kabichi. Akaitikia macho yakiwa chini.

Mikaeli, mzee mwenzake wa kanisa, akasimama kabisa. "Sefania, siku hizi umeolewa?"

Wapita njia wakaangua kicheko. Sefania alitamani kulikusanya shati akimbilie ndani. Lakini akaikumbuka kamba ya kuanikia ya Klara, iliyokuwa hapo hapo mbele. Siku moja mvua ilipomkuta Klara shambani, Sefania alikuwa dirishani akizitazama nguo zikilowa, asije akaonekana anaanua. Klara alirudi, akazifua upya, wala hakusema neno. Hilo lilimchoma kuliko kicheko chote cha njiani. Akachota maji, akalinyunyizia shati mbele ya macho yao.

"Nafua, Mikaeli," alisema. "Pita salama."

Siku zilizofuata jua na ukungu viligombea lile shati, naye hakuacha kulitandaza. Kufikia Jumamosi kola ilikuwa nyeupe, na kwapani pamebaki alama hafifu ya kujua mwenyewe.

Jumapili msalaba ukasimikwa, watu wakaanza kuondoka kwenda kula. Sefania alibaki. Aliinama kaburini katika shati lake, akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo hata Mikaeli aliisikia:

"Klara, nimeanika mbele. Watu wote wameniona."